Wikendi ndefu Kisumu, sisi watu wa Nakuru

Hii safari ilikaa kwa grupu ya WhatsApp miezi mingi, kila mtu na sababu yake, mara karo ya watoto, mara kazi, hadi dada wa saluni akatuandikia kwamba yeye ameshafunga saluni wikendi hiyo na anaenda hata kama ni peke yake, ndio watu wakaanza kutuma pesa. Tukawa watano, mimi, Mwalimu, Fundi wa simu, huyo dada na mdogo wake wa kike ambaye amemaliza fomu foo na alikuwa hajawahi kupanda boti maishani.

Fundi ndiye nilidhani hatakuja. Babake alikuwa na duka la spea Kisumu, likachomwa wakati wa ile vurugu ya baada ya uchaguzi, mwanzo wa 2008, wakatoka na nguo walizovaa, wakaanza upya Nakuru. Yeye alikuwa mtoto mdogo hakumbuki kitu. Kwao nyumbani Kisumu ilikuwa haitajwi kabisa, na alipomwambia mamake anaenda, mamake aliondoka mezani. Babake hakusema lolote, alimwambia tu abebe shati nyepesi.

IJUMAA

Tulikuwa steji saa kumi na mbili asubuhi, baridi ile ya Nakuru bado iko, kila mtu na jaketi. Matatu ikajaa haraka kwa sababu ya wikendi, na nauli ilikuwa imepandishwa kidogo, hiyo tulikuwa tumejipanga nayo.

Mnaoijua hiyo barabara mnajua jinsi watu hunyamaza wakifika Salgaa. Siku hizi ule mteremko wa Sachangwan umegawanywa, wa kupanda wako upande wao na wa kushuka upande wao, na kusema kweli unaona tofauti, hakuna tena yale malori ya kukujia uso kwa uso. Mau Summit wa Eldoret wanaendelea, sisi tukakata kushoto. Pale Londiani Junction dereva alipunguza mwendo na redio pia akapunguza bila kuambiwa na mtu. Juni 2023 lori liliacha barabara likavamia wafanyabiashara na abiria waliokuwa kando hapo, wakafa watu zaidi ya 50. Mama mmoja nyuma yetu akaanza kuomba kwa sauti ya chini, na gari lote likamwachia nafasi hiyo hadi akamaliza.

Kericho tulishuka kunyoosha miguu na kunywa chai, na pale chai ni chai jamani, unakunywa ukiiona imesimama shambani pande zote hadi macho yanachoka na kijani. Kukawa kunanyesha, kama kawaida ya Kericho. Halafu kutoka hapo unaanza kuteremka na hiyo ndiyo sehemu ya barabara niliyoipenda zaidi, kwa sababu unashuka kutoka kama mita 2,000 hadi usawa wa ziwa ambao ni mita 1,134 na mwili unajua kabla ya macho, kwanza unafungua zipu ya jaketi, kidogo unalivua, kidogo unafungua dirisha, ukifika Awasi umekuwa mtu wa joto. Ahero ni mpunga mpaka kule mwisho, maji yamesimama kwa majaruba, watu wameinama ndani. Mwalimu anafundisha jografia kwa hivyo alitueleza mto Nyando, jinsi unavyoleta maji ya mradi wa umwagiliaji na jinsi huo huo ukivunja kingo wakati wa masika unawatoa watu kwa nyumba zao na kuwapeleka kulala kwa madarasa ya shule. Ndani ya matatu kukawa na watu wa Ahero wenyewe wakamkubalia na kumwongezea, mpaka tukakaribia Nyamasaria mazungumzo bado ni ya mafuriko.

Kisumu tulifika karibu saa saba mchana na lile jua si la kuelezewa. Tulipopanga kulala sitapataja, maji ya bomba hayakuwepo hadi usiku na mwenyewe alikuwa ametuahidi kwa simu kwamba yapo, lakini vitanda vilikuwa safi na neti hazina mashimo. Neti msikose, mbu wa Kisumu hawana mchezo.

Jioni tukatembea Oginga Odinga Street yote. Ukiwa mtu wa Nakuru hiyo barabara utaielewa haraka, nyumba za zamani za Wahindi zenye baraza mbele na mwaka umeandikwa juu, kwa sababu miji hii miwili ilizaliwa na reli moja. Ilianza Mombasa 1896, ikapita kwetu, ikafika hapa ziwani Desemba 1901, na msumari wa mwisho ukapigwa na Florence Preston, mke wa injinia, ndio bandari ikaitwa Port Florence miaka ya kwanza. Kuna mnara wa saa hapo barabarani, wa 1938, wa kumkumbuka mfanyabiashara Kassim Lakha. Tukaupiga picha, tukapita hadi msikiti wa Jamia wakati wa adhana ya magharibi, tukasimama ng'ambo ya barabara mpaka ikaisha. Mdogo wa dada alisema anaona mji hauna haraka. Ni kweli, hata tuktuk inakupigia honi kwa upole.

JUMAMOSI

Hii ndiyo siku ningewaambia watu wa Nakuru wasiikose hata kama mna siku moja tu ya kukaa. Amkeni saa kumi na moja alfajiri mwende Dunga, ufuo wa wavuvi.

Tulifika kukiwa kunapambazuka na ufuo ulikuwa umeshaamka zamani. Maboti ya omena, wale dagaa wa ziwani, yalikuwa yanarudi, hao hutoka usiku na mataa, wanawasha juu ya maji, omena wanavutwa na mwanga kisha wanazungushiwa nyavu, kwa hivyo alfajiri wale wanaume wanashuka macho mekundu wamechoka hawataki salamu nyingi. Kina mama ndio wanachukua usukani hapo. Kila boti ikigusa mchanga wameshaingia majini hadi magoti na makarai yao, bei inapigwa kabla boti haijasimama, mkono mmoja kwa omena mwingine kwa simu ya kutuma pesa. Dada wa saluni alisimama akiwatazama muda mrefu, nikamuuliza anaona nini, akasema hao ni wafanyabiashara wa kweli, hawasubiri mteja aingie dukani.

Kuuliza bei ya boti acha yule mwenye kujua kuongea aongee. Walianza na 3,000 tukafika 2,000 kwa sisi wote, saa moja na nusu, na jaketi za kuokolea zikiwemo. Hizo jaketi msikubali kupanda bila. Nahodha wetu alikuwa mzee wa makamo, tukimwita Baba na yeye akimwita Fundi omera, yaani ndugu kwa Kijaluo, kila mara, akatupitisha kwanza kwa mafunjo, yale matete marefu yenye nywele juu, ndani mna ndege wa kila rangi na mdiria wamejipanga kwenye vijiti wakisubiri samaki. Mafunjo hayo ndiyo hukatwa kusuka mikeka na ndiyo hapo samaki huzalia, alituambia wakikata yote ziwa linakufa kutoka pembeni.

Viboko tuliwaona, kwa mbali, vichwa na masikio tu, na mzee alizima injini akakataa kusogea zaidi hata Mwalimu alipoomba. Nilimheshimu kwa hilo. Wakati tumesimama hivyo ndio akaanza kuongea kuhusu samaki. Alisema akiwa mtoto walikuwa wanakula fulu, visamaki vidogo vya aina nyingi mno, ukitoka shule unajivulia mwenyewe. Halafu mbuta, yule sangara mkubwa, ambaye alipandikizwa ziwani miaka ya hamsini wakati wa mkoloni, akakua akawala, aina nyingi za fulu zikaisha kabisa duniani, sio hapa tu, duniani, maana hazikuwa mahali pengine popote. Mbuta akaleta pesa, viwanda vya minofu vikafunguliwa, minofu inaenda Ulaya, na sasa mbuta mwenyewe anapungua. "Sasa mama wa samaki anauza ngege, hao tilapia, wa kufugwa kwa vizimba," akasema, "na wengine wanauza wa Uchina waliogandishwa, hapa, kando ya ziwa." Hakusema kwa uchungu, alisema tu jinsi mtu anavyosema ukweli anaoujua, lakini mimi hiyo ilinikaa. Sehemu ya Kenya kwa hili ziwa ni kama asilimia 6 pekee, Tanzania na Uganda ndio wana kubwa, na hiyo kidogo yetu inabeba watu wote hawa.

Kurudi tukakuta gugu maji limesukumwa na upepo limeziba njia tuliyotokea. Ukiliona na maua yake ya zambarau unaweza kulipenda. Mzee na kijana wake wakashika kasia wakalisukuma, injini imeinuliwa isisokotwe na mizizi, tukakaa hapo dakika nyingi na jua limeanza. Limekuwa hapa tangu miaka ya tisini, wakaleta mashine, wakaleta wadudu wa kulitafuna, likapungua, likarudi, kwa sababu uchafu wa mashamba na miji unaoingia ziwani ndio chakula chake. Kuna watu Kisumu wanalikausha wanasuka vikapu na viti. Lakini ukiwa ndani ya boti limekuzingira pande zote unaelewa mvuvi anayepoteza siku nzima na nyavu zake zikibebwa.

Tukiwa tumekwama hivyo yule mdogo wa dada akatia mkono majini hadi kiwiko, akaniangalia akasema, ziwa letu hatujawahi kuligusa. Na ni ukweli, jamani. Kwetu Nakuru ziwa liko ndani ya mbuga, kuna waya na kuna geti, unalipa ndio ulione, watu wamezaliwa Mwariki wakazeeka na ziwa wanaliona kama mng'ao tu kwa mbali. Sasa limepanda lenyewe, kuanzia kama 2010 hivi maji yamekuja yakameza geti kuu la zamani na nyumba za watu, na heroe wengi wakahamia Bogoria. Sisi ndio tuna ziwa kwenye nembo na kwenye kila kalenda na hatuna hata sehemu moja ambapo mtoto anaweza kufika bure akakaa kando ya maji na babake. Najua letu ni la magadi na lina nyati na vifaru ndani, sisemi waya utolewe. Nasema hata jukwaa moja la kutazamia, upande wa mji, lenye benchi na choo, serikali ya kaunti inaweza kuongea na watu wa wanyamapori likajengwa. Kisumu wanafika majini kwa miguu.

Mchana tulipita Impala Sanctuary, ni ndogo lakini iko hapo hapo kando ya ziwa na ina kivuli kizuri, swala pala wanatembea karibu nawe na kuna nzohe, yule swala wa majimaji. Imekuwa hifadhi tangu 1992. Tukapumzika chini ya miti hadi jua lipungue, kisha Hippo Point kuangalia linavyozama. Watu wa Kisumu wenyewe huja hapo na familia, ni wengi, na hakuna anayeongea sana.

Chakula cha usiku lazima nikiseme. Ngege mzima, amekaangwa akakauka nje kisha akatiwa kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu akachemka kidogo, ugali wa mtama, osuga, ile mboga ya mnavu, iliyotiwa maziwa, na pilipili pembeni. Unanawa mikono ukiwa umekaa, dada anakuletea birika la maji ya moto na sabuni. Fundi kwao samaki hawaliwi sana na mifupa ilikuwa inamtisha, basi mama mwenye hoteli akavuta kiti akakaa kando yake, akamwambia, "Mwanangu, anzia mgongoni, usianze tumboni," akamwonyesha uti unavyotoka mzima. Alimaliza samaki wake na kichwa akala. Mama akafurahi akamwongeza supu bila malipo.

JUMAPILI

Asubuhi Kibuye, haraka haraka, kwa sababu Jumapili ndio soko lake kubwa na ukiingia na pesa hutoki nazo. Mitumba, samaki wakavu, masanduku ya bati na majiko yanagongwa hapo hapo. Dada alinunua vitu vya saluni, Mwalimu akapata viatu.

Halafu tukakodisha gari hadi Kit Mikayi, kama kilomita 29, unatoka na barabara ya Busia ukifika Kisian unaingia ya Bondo. Mawe makubwa yamepandana, urefu kama mita 40, na ukiwa chini yake huamini kwamba hakuna aliyeyapanga. Kina mama wa hapo walitupokea kwa ngoma na kutuvuta tucheze kabla ya kupanda, na mmoja wao akatupa hadithi ya mzee aliyelipenda jiwe akawa anashinda ndani ya pango lake kila siku, mkewe anampelekea chakula huko, na watu wakiuliza mzee yuko wapi jibu ni kwamba ameenda kwa mke wake wa kwanza. Ndani, kwa nyufa, tulikuta waumini wa kanisa la Legio Maria na kanzu zao wamepiga magoti, mishumaa inawaka, wengine wamekaa siku kadhaa wakifunga. Mwelekezi akatuomba tupite kimya na tusipige picha, tukatii. Ibada na mila za pale zimewekwa na UNESCO mwaka 2019 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na ukizungumza na wale kina mama utajua kwa nini, vijana wanaojua hizo nyimbo zote ni wachache.

Juu kabisa, ukipenya ukafika, unaona ziwa lote upande ule mwingine. Nilikaa hapo na Fundi. Ndio aliniambia anataka kesho atafute mahali duka lilikuwa.

Jioni mvua ya Kisumu ikaja, ngurumo kubwa kutoka ziwani, tukalala mapema.

JUMATATU

Makumbusho ya Kisumu yanafunguliwa asubuhi, tukaenda mapema. Kuna boma zima la Kijaluo limejengwa kama lilivyokuwa, nyumba ya mke wa kwanza ikitazama lango, na za wana karibu na lango, na ndani kuna matangi ya samaki wa ziwa, pamoja na kamongo, yule anayeweza kuvuta hewa. Mwalimu alikuwa anaandika kila kitu kwa daftari, anataka kuleta wanafunzi wake.

Kisha tukaenda na Fundi. Babake alikuwa amemtumia maelezo kwa ujumbe, karibu na soko la Jubilee, kona, ghorofa yenye ngazi nje. Tuliipata. Chini sasa ni duka la simu, na Fundi ni mtu wa simu, akaingia akanunua chaja tu ili asimame ndani. Hakuna mtu hapo aliyejua habari za 2008, wote vijana. Tukatoka, akapiga picha, akaituma. Babake akapiga simu papo hapo. Akauliza, kuna soja hapo mlangoni? Mpe simu. Soja mzee kidogo akaichukua, akasalimia, na tukasikia babake Fundi anaongea Kijaluo, si salamu tu, anaongea kabisa, anacheka, na soja anamjibu na yeye anacheka, wakataja majina ya watu, huyu alikufa, huyu alihamia Ahero, huyu bado ana duka la baiskeli, soja akatutafsiria kidogo baadaye. Wakaongea mpaka salio la mzee likaisha, Fundi akampigia yeye wakaendelea. Fundi alikuwa hajui babake anaongea Kijaluo. Miaka yote hiyo nyumbani hakuwahi kumsikia hata neno.

Kilichofuata ni agizo. Mzee anataka ngege, wa ziwani na si wa kizimba, wakaangwe wakauke vizuri wasiharibike njiani, na atajua tofauti. Tukarudi Dunga na tuktuk, tukamtafuta mama tuliyemwona Jumamosi, akatuchagulia na kutukaangia, akawafunga kwa magazeti na kikapu cha mafunjo. Kila mtu akachukua wake pia.

Kurudi hakuna mengi, matatu ilinukia samaki hadi Kericho na hakuna aliyelalamika, pale Londiani jaketi zikarudi mwilini, Nakuru tukafika usiku.

Kwa wale wanauliza bajeti, mkiwa watano mkikodisha boti na gari pamoja mnaokoa sana kuliko mtu mmoja mmoja, na malazi upande wa Milimani yako karibu na Dunga na Impala kwa hivyo tuktuk inakuwa rahisi. Mabegi yasiwe makubwa. Krimu ya mbu, kofia, na pesa taslimu kidogo kwa sababu ufuoni mtandao huyumba.

Desemba tunapanga kwenda zaidi, Mbita na Rusinga, feri inatoka Luanda Kotieno, na huko Rusinga ndiko alikozikwa Tom Mboya. Nafasi zilikuwa tano, sasa ni sita kwa sababu babake Fundi ameomba kiti cha mbele, na mamake bado anafikiria. Mwenye kujua van nzuri ya kukodisha Nakuru, yenye dereva asiyekimbia, aniambie.